Kutoka sanduku la bati hadi kitabu: mwongozo kamili wa kusanifu kitabu cha familia

Sanduku lilikuwa la bati, kijani iliyochubuka, na kwa miaka yote ninayoikumbuka lilikaa uvunguni mwa kitanda cha shangazi yangu, Tanga. Ndani yake: risiti za kodi, barua za hati ya Kiarabu, barua za taipu, picha kama arobaini, na kanga moja iliyokunjwa mara nane. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Alipofariki hakuna aliyejua kama lile sanduku ni urithi au ni takataka, basi likabaki pale pale.

Mimi riziki yangu ni kupanga kurasa: vitabu vya shule, ripoti, kalenda. Nikajiona ndiye hasa wa kuligeuza sanduku kuwa kitabu. Kitabu cha kwanza kilitoka kizuri, kimenyooka. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili, akafunua kurasa tatu nne, akakifunga. "Mwanangu, mbona baba hasemi humu? Naona unasema wewe tu."

Alisema kweli. Barua za babu, masimulizi ya shangazi na maelezo yangu mwenyewe nilikuwa nimeyapanga kwa herufi za aina moja na ukubwa mmoja, tahajia nimeisawazisha, picha nimezisafisha hadi madoa yote yakaondoka. Nilitoa sauti moja mahali palipokuwa na sauti tatu. Ninayoyaeleza hapa niliyajifunza nilipokuwa nikitengeneza kitabu cha pili.

Hatua ya 1: Usipange kitu bado

Mkono utakuwasha kutenga barua huku na picha kule. Uzuie. Vitu vilivyolala pamoja vilikuwa na sababu. Picha niliyoikuta ndani ya bahasha ya barua huenda ilitumwa pamoja na barua hiyo, na ukiitoa bila kuandika popote, ushahidi umepotea na haurudi. Piga picha ya sanduku likiwa wazi, kisha piga kila tabaka unaloliondoa.

Halafu kipe kila kitu namba. Tumia penseli laini, 2B inatosha, na uandike kidogo kwenye kona ya nyuma. Kalamu ya wino ni haramu hapa: hupenya, na ikikandamizwa huacha mchirizi unaoonekana upande wa mbele. Ondoa pini na stepla taratibu, maana kwa hewa ya pwani kutu hula karatasi. Ukikuta selotepu, usiibandue. Iache, uiandike daftarini. Zile albamu za kurasa zenye gundi, ambazo kila nyumba ilikuwa nazo, ndizo adui mkubwa wa picha. Kama picha imegoma kutoka, skani ukurasa mzima.

Daftari liwe na safu chache: namba, ni kitu gani, ukubwa kwa milimita, kilichoandikwa mbele, kilichoandikwa nyuma, kilikutwa na nini. Safu ya nyuma usiidharau. Nyuma ya picha ndiko kulikojificha muhuri wa studio, jina lililoandikwa kwa haraka, wakati mwingine deni.

Hatua ya 2: Kuskani

Hesabu ni nyepesi. Picha inayochapwa vizuri kitabuni inataka nukta 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo barua utakayoichapa kwa ukubwa wake ule ule, skani kwa 300, au 400 kama wino umefifia. Picha za kawaida, 600. Vipicha vidogo vya vitambulisho, 1200. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 iliyoskaniwa kwa 1200 unaweza kuikuza mara nne, ikawa milimita 140 kwa 180, karibu upana mzima wa ukurasa wa A5. Ukiiskani kwa 300, itakaa kwenye ukurasa ikiwa na ukubwa wa stempu.

Skani kila kitu kwa rangi, hata picha nyeusi na nyeupe. Ule unjano wa karatasi na wekundu wa kutu ni habari pia. Hifadhi nakala mama kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, usiiguse tena. Kazi fanya kwenye nakala yake. Weka rula kando ya karatasi angalau mara moja kwa kila aina ya kitu, utaihitaji kwenye hatua ya nane. Huna skana? Simu inafaa ukisimama karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, karatasi imelala mezani, simu iko juu sambamba nayo, taa ya simu imezimwa. Nakala ziwe sehemu mbili, nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 3: Kutafuta tarehe

Karatasi nyingi za familia hazina mwaka, lakini zina vijishahidi.

Anza na fedha. Karatasi ya Bara inayotaja rupia na heller ni ya wakati wa Mjerumani, na si kabla ya 1904, kwa sababu hapo kabla rupia moja iligawanywa kwa pesa 64, ndipo mwaka huo ikaja heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na shilingi ya Tanzania ikaja 1966. Risiti moja ya duka inaweza kukuambia mengi kuliko mzee mwenye kumbukumbu nzuri.

Kisha jina la nchi. Tanganyika kama jina la kiserikali ni la 1920 na kuendelea. Muhuri unaosema "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" ni wa miezi michache tu ya 1964, kati ya Muungano wa Aprili na jina la Tanzania lililokuja Oktoba. Nilipouona kwenye cheti kimoja sandukuni nilipiga kelele peke yangu.

Barua za hati ya Kiarabu mara nyingi zina mwaka wa Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, ongeza 622, utakaribia. Barua ya babu ya 1352 inatoa 1933 na kitu, na kweli mwaka 1352 ulianza Aprili 1933. Kwa tarehe kamili tafuta jedwali, na hata hapo acha nafasi ya siku moja kwa sababu ya mwandamo. Angalia pia namna ya kuhesabu siku: kwa wazee wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa kalenda ya ofisini. Kitabuni nilimwozesha bibi siku moja baadaye kuliko alivyoolewa kwa kutolijua hilo.

Tarehe uliyoikisia iandike kama kisio: "kama 1938", au "kabla ya 1961".

Hatua ya 4: Kaa na wazee, picha mkononi

Usimwulize mzee "nieleze maisha yako." Atakupa hotuba. Mpe picha moja mkononi, chapa kubwa anayoweza kuiona, na uulize jambo dogo: hili koti ni la nani? Kwenye picha za studio koti, saa na hata viatu mara nyingi viliazimwa, na swali hilo hufungua mlango. Shangazi alicheka kwanza, kisha akasimulia robo saa juu ya jirani mwenye koti ambalo mtaa mzima ulipigia picha.

Taja studio kama muhuri unaonyesha. Zanzibar, kwa mfano, Capital Art Studio ilianzishwa 1930 na Ranchhod Oza, na picha zake zimesambaa kwenye makabati ya familia hadi Oman na Uingereza. Muhuri wa namna hiyo hukupa mji, na mara nyingine hukupa miongo.

Rekodi kwa simu, na uombe ruhusa mara mbili: ya kurekodi, na ya kuchapa. Hizo ni ruhusa mbili. Kuna mambo shangazi aliniambia nikayasikia, na hayamo kitabuni.

Hatua ya 5: Nyaraka za serikali

Sanduku likikwama, nenda kwenye hifadhi. Dar es Salaam iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako pia kuna majalada ya utawala wa Kijerumani. Zanzibar hifadhi iko Kilimani. Nairobi iko katikati ya mji, Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa benki. Nenda na kitambulisho, penseli, na swali jembamba: mahali, miaka, jina la shamba au la idara. Ukienda na jina la babu peke yake utarudi mikono mitupu.

Kwenye majalada ya Kijerumani tafuta majina kwa tahajia yao: Bagamoyo ni Bagamojo, Ujiji ni Udjidji, Muheza ni Muhesa. Mwandiko wao wa mkono wa zama hizo unawashinda hata Wajerumani wengi wa leo, na kwenye machapisho yao kuna s ndefu inayofanana na f. Omba nakala, mpelekee anayeusoma. Na kabla ya kuchapa waraka wa hifadhi, omba kibali cha kuchapa. Kibali cha kusoma hakitoshi.

Hatua ya 6: Kunakili

Hapa ndipo kitabu changu cha kwanza kilipokufa, na hapa ndipo kazi inapokula wiki.

Nakili kila barua neno kwa neno, mstari kwa mstari, na tahajia yake. Usawazishaji wa Kiswahili sanifu ulishika kasi baada ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuundwa 1930, na hata baadaye watu waliendelea kuandika walivyosema. Babu aliandika "nyumba ni jema" na "nimewasili salimini." Nilibadilisha la kwanza likawa "nyumba ni njema", nikamfuta mtu mzima kwa herufi moja. Msomaji asipoelewa, weka maelezo pembeni. Mwandiko wenyewe uache.

Penye herufi zilizofutika weka mabano ya mraba yenye nukta tatu. Penye neno unalolikisia, weka neno ndani ya mabano na alama ya kuuliza. Kwa barua za taipu, jua kwamba mashine nyingi za zamani hazikuwa na tarakimu ya moja; watu walipiga l ndogo. Programu ya kusoma maandishi itakupa "l938". Hapo sahihisha, maana mwandishi alikusudia moja.

Hati ya Kiarabu inataka subira zaidi. Kwa utaratibu wa zamani herufi ب ilibeba b, p na mb. ف ilibeba f, v na mv. Kasra, alama ya irabu ya chini, ilikuwa i au e. Dhuma, alama ya irabu ya juu, u au o. Kwa hiyo "Pemba" kwenye karatasi husomeka "biba". Anayejua Kiarabu tu hatakusaidia; mtafute aliyesoma chuo cha Kurani akajua na Kiswahili cha upande huo. Mimi nilikaa na mwalimu wa madrasa jioni sita. Alikuwa akisoma kwa sauti kwanza, mara tatu, ndipo anasema neno ni lipi, kwa sababu hati ile huijua sikio kabla ya jicho.

Hatua ya 7: Sauti tatu, herufi tatu

Kitabu cha familia kina wasemaji watatu: karatasi, mzee anayesimulia, na wewe. Msomaji afunue ukurasa wowote ajue nani anasema kabla hajasoma neno.

Mimi nilipanga hivi. Karatasi zimo kwa Gentium, herufi zenye vijiguu kwenye ncha, pointi 10.5, na mistari nimeikata pale pale babu alipoikata. Masimulizi ya shangazi yamo kwa Andika, herufi wazi zisizo na vijiguu, pointi 12, kwa sababu maneno ya mdomo yanahitaji hewa, na kwa sababu yeye mwenyewe ndiye msomaji wa kwanza na macho yake yana miaka yake. Maelezo yangu yamo pambizoni, pointi 8, Andika hiyo hiyo. Mimi ndiye mdogo humo, na ukubwa wa herufi uonyeshe hivyo. Fonti zote mbili ni za SIL, shirika la lugha, zina leseni huria, unaweza kuzichapa na hata kuuza kitabu bila kumlipa mtu.

Kishawishi kikubwa ni kuzipa barua za taipu fonti ya Courier ili zionekane za kale. Courier ilichorwa 1955 kwa ajili ya IBM. Barua ya 1938 haikuijua. Na fonti za kuiga mwandiko wa mkono ziepuke kabisa: unamtia babu mkono wa mtu mwingine. Ukitaka msomaji auone mwandiko, mwonyeshe picha ya mwandiko.

Kwa hati ya Kiarabu tumia Amiri au Scheherazade New, na uikuze karibu theluthi moja zaidi ya herufi za Kilatini zilizo kando yake, la sivyo itaonekana imesinyaa. Angalia kwamba programu yako inaunganisha herufi. Duka moja nililopeleka kazi lilifungua faili la kupangia kurasa badala ya PDF, na kila herufi ikasimama peke yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Bismillahi ikageuka safu ya vijiti, na nakala thelathini zilikuwa zimeshatoka. Tangu siku hiyo napeleka PDF yenye fonti ndani yake.

Sasa Kiswahili chenyewe. Maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kinaweza kubeba sentensi, kwa hiyo ukinyoosha maandishi pande zote mbili kwenye safu nyembamba utapata mashimo meupe yanayoteremka ukurasa kama mito. Acha upande wa kulia uende wenyewe, na mstari uwe na herufi 55 hadi 65. Ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu: "hatuku-mwandikia" sawa, "hatukum-wandikia" hapana. Programu nyingi hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Zima mkato wa moja kwa moja, ukate kwa mkono. Ng' isitenganishwe kamwe, na alama yake iwe ile iliyopinda kama tisa ndogo, si mkwaju ulionyooka wala ule uliolala upande. Pitia faili zima, tafuta kila ng'. Nilizikuta za namna tatu kwenye kitabu kimoja.

Hatua ya 8: Ukurasa kama kanga

Nilihangaika na mpangilio wa kurasa hadi nikaitandaza ile kanga ya sandukuni mezani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka, mji uko katikati, jina limekaa chini ya mji kwa herufi kubwa, na hakuna anayechanganyikiwa macho yaanzie wapi. Nikaufanya ukurasa hivyo: pambizo pana ndiyo pindo, humo mna maelezo yangu na namba za daftari; waraka au picha ndiyo mji; na chini mstari mmoja tu, neno lililochotwa kwenye waraka wenyewe, ndilo jina. Kanga ya bibi ilisema AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Hiyo nimeichapa kurasa mbili kwa upana, mikunjo yote minane ikionekana.

Vitu vidogo vichape kwa ukubwa wake halisi, ndiyo kazi ya ile rula. Risiti ya kodi yenye upana wa vidole vinne ikikaa peke yake kwenye ukurasa mweupe, msomaji anaelewa jinsi karatasi ndogo ilivyoweza kumsumbua mtu mzima. Picha usizisafishe, rekebisha mwanga tu. Mkunjo uliopita usoni ndio unaoonyesha kwamba picha ilikaa mfukoni.

Na pengo lionekane. Sanduku halina kitu chochote kati ya 1942 na 1947. Kitabu cha kwanza kiliruka. Cha pili kina kurasa mbili tupu zenye miaka hiyo juu. Shangazi alipozifikia alinyamaza, kisha akaanza kusimulia, na nikalazimika kuongeza kurasa nne.

Kitu kisianguke kwenye mgongo wa kitabu: acha milimita 20 upande wa ndani, hasa kwa kitabu cha gundi kisichofunguka chote.

Hatua ya 9: Kuchapa

Hapa nitakwenda haraka, maana mchapaji wako anajua kuliko mimi. Nakala 20 hadi 50 ni za mashine ya dijitali. Ukipita mia kadhaa, uliza bei ya ofseti. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, na kwa kitabu kilichoshonwa, ikiwezekana, kwa 16. Picha zinazofika ukingoni zipewe milimita 3 za ziada za kukatia. Karatasi isiyong'aa, gramu 100 hadi 120, yenye weupe wa maziwa, inazipokea nyaraka za zamani vizuri kuliko ile inayometa. Ikiwezekana, shona kwa uzi; gundi peke yake kwenye joto la pwani huachia.

Dai nakala moja ya majaribio, iliyofungwa kabisa, kabla ya zote. Washa taa ya nyumbani, uisome usiku, kisha umpelekee mzee bila kumweleza chochote.

Mwisho wa kitabu acha kurasa nne tupu zenye mistari, na penseli imefungwa kwa uzi kwenye nakala ya kwanza. Hiyo ndiyo itakayokaa nyumbani kwa mzee. Wiki ya pili nilikuta shangazi ameshaandika chini ya picha ya ukurasa wa 31, kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia: "Huyu si kaka yetu. Ni yule fundi cherehani, mwenye koti."